Kreta ya Tycho mwezini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu kutoka Kigoma

Maswali haya yametoka mwaloni Kibirizi, Ujiji mjini, kwa wanafunzi wa sekondari, na kwa ndugu wa Tabora wanaopiga simu kila mwezi unapokuwa mpevu. Nimeyaacha yafuatane jinsi watu wanavyoyauliza. Mengine yamepewa jibu refu kwa sababu yanastahili, mengine yanaishia mstari mmoja au miwili.

Tycho ni nini hasa?

Ni shimo kubwa la mviringo lililochimbwa na jiwe la angani lililougonga Mwezi, upande wa kusini wa uso ule tunaouona kutoka duniani, kwenye latitudo ya nyuzi 43 kusini. Upana wake ni kilomita 85 hivi. Kutoka ukingoni hadi sakafuni ni takriban kilomita 4.7, na katikati ya sakafu umesimama mlima wenye urefu wa kilomita 2.

Nitaiona bila darubini?

Utaona kitu, ila si shimo lenyewe. Macho matupu ya mtu mwenye afya hayawezi kutenganisha kitu kidogo kuliko dakika moja ya nyuzi, yaani nyuzi moja ikikatwa vipande 60, kipande kimoja. Tycho, ukizingatia kwamba Mwezi uko kilomita 384,000 kutoka hapa, ina kama robo tatu ya kipande hicho. Kwa hiyo anayekuambia ameiona kreta kwa macho yake hajadanganya, ila hajui alichokiona. Alichokiona ni doa jeupe na mistari myeupe inayotawanyika kutoka pale: vifusi na vumbi vilivyorushwa nje siku shimo lilipochimbwa. Vifusi vimeenea eneo kubwa kuliko shimo mara nyingi sana, na ni vyeupe kuliko ardhi ya jirani, ndiyo maana jicho linavipata.

Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili, ile wanayotumia watalii wa Gombe kuangalia sokwe na ndege, mistari inakuwa wazi kabisa. Shimo lenyewe, kwa maana ya kuona ukingo na mlima wa kati, linataka darubini ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Hata ndogo inatosha.

Kwenye picha za intaneti Tycho iko chini. Mbona mimi naiona kulia? Nimekosea?

Hujakosea. Picha nyingi na michoro ya vitabuni imetengenezwa kwa macho ya mtu wa Ulaya au Marekani, ambaye Mwezi humpitia upande wa kusini akiwa ameutazama wima, kaskazini ya Mwezi juu na kusini chini. Sisi Kigoma tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwetu Mwezi hauzunguki pembeni mwa anga, unapanda karibu moja kwa moja, unapita utosini au karibu na hapo, kisha unashuka upande wa pili. Ndiyo maana hata mwezi mwandamo wetu umelala kama mtumbwi, wakati kwenye bendera na kalenda unachorwa umesimama.

Sasa fuata hivi. Mwezi mpevu unapochomoza, unatazama mashariki, kwa hiyo kaskazini iko mkono wako wa kushoto na kusini mkono wa kulia. Tycho, kwa kuwa iko kusini ya Mwezi, itakuwa upande wa kulia, kama theluthi mbili ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni, na itashuka kidogo chini ya mstari wa kati. Juu kabisa, kidogo kushoto, utaona doa jeusi la duara lililojitenga na madoa mengine. Hilo ni Mare Crisium, na ni alama nzuri ya kuanzia kwa sababu halichanganyiki na lingine.

Alfajiri, Mwezi huohuo ukizama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kila kitu kimegeuka. Unatazama magharibi, kusini imekuwa kushoto kwako, na Tycho imehamia kushoto, safari hii juu kidogo ya mstari wa kati. Mare Crisium imekuwa chini na ndiyo inayotangulia kuzama. Hesabu hii si ya kukata kwa msumeno, maana kadiri mwaka unavyokwenda Mwezi huinama kidogo huku au kule, lakini ukianza na "kulia ukichomoza, kushoto ukizama" hutapotea.

Saa sita usiku, Mwezi ukiwa utosini, hakuna juu wala chini. Tandika mkeka, lala chali kichwa kikiwa kaskazini, miguu kusini: Tycho itakuwa upande wa miguu yako. Geuka, itakuwa upande wa kichwa. Mwalimu anayemkosoa mwanafunzi wa Kigoma kwa sababu mchoro wake haufanani na wa kitabu angetoka nje kwanza usiku akaangalia.

Ndugu zangu wa Tabora wanaona tofauti?

Hapana, latitudo ni karibu ileile. Tofauti ni saa tu: Tabora iko mashariki yetu kiasi kwamba Mwezi huwachomozea kama dakika 13 kabla yetu. Wao hawana ziwa la kuuzamisha, ila wana upeo ulio tambarare zaidi. Huku kwetu vilima vya nyuma ya mji huuchelewesha.

Usiku gani ni mzuri?

Inategemea unataka kuona mistari au unataka kuona shimo, kwa sababu usiku unaofaa kwa kimoja haufai kwa kingine.

Mistari huonekana vizuri Mwezi ukiwa mpevu, usiku wa 14 na wa 15 kwa wanaohesabu kwa mwandamo. Wakati huo Jua linaupiga Mwezi uso kwa uso, vivuli vinatoweka, na kinachobaki ni tofauti ya weupe na weusi wa udongo. Milima na mashimo mengi yanafutika kabisa, lakini Tycho ndiyo inatawala.

Shimo lenyewe huonekana Mwezi ukiwa na siku 8 au 9, yaani siku moja mbili baada ya Mwezi kufika nusu. Hapo ndipo Jua linaanza kuchomoza kwa Tycho. Ukitazama kwa darubini ya kusimamisha unakuta ukingo wa magharibi umeshika mwanga, sakafu bado nyeusi tii, na nukta moja ya mwanga inaelea katikati ya weusi. Hiyo nukta ni ncha ya mlima wa kati, imefikiwa na Jua kabla ya bonde lililouzunguka. Subiri saa mbili tatu, urudi kuangalia: vivuli vimesogea. Katika vitu vyote vya angani ninavyowaonyesha watu, hiki ndicho kinachowafanya waombe kurudia foleni.

Wavuvi wa huku wana bahati ambayo hawaijui. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Taa inavuta samaki kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitanda samaki hawakusanyiki chini ya taa, na siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi mingi hulala mchangani. Kwa hiyo usiku wa mistari ya Tycho ndio usiku ambao mwalo umejaa watu wasio na kazi. Pale Kibirizi mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alipewa darubini na kijana wake, akaushika Mwezi kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akasema, "Kumbe huyu anayetunyima riziki naye aliwahi kupigwa." Akairudisha, akaendelea na nyavu zake.

Msimu gani wa mwaka?

Mei hadi Julai. Mvua zimekwisha na anga imeoshwa. Kuanzia Agosti moto wa nyika huchafua hewa kwa moshi, Mwezi unachomoza mwekundu kama shaba na mistari inafifia hadi Mwezi upande juu. Masika usikate tamaa: mvua ikinyesha mchana na kukatika jioni, usiku huo hewa huwa safi kuliko siku yoyote ya kiangazi.

Ni kubwa kiasi gani kwa vipimo vya huku?

Ziwa Tanganyika mahali palipo papana kuliko pote halizidi kilomita 72. Tycho ina 85. Kina kirefu kabisa cha ziwa ni mita 1,470, na Tycho ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa urefu ndipo ziwa linashinda, maana lina kilomita zaidi ya 670.

Mistari yake ndiyo inayoshangaza. Mirefu hufika kilomita 1,500. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, safari ambayo waliowahi kukaa daraja la tatu hawahitaji kukumbushwa urefu wake, ni kilomita 1,250 hivi.

Ni volkano iliyolipuka, kama Ngorongoro?

Hapana, ingawa zote tunaziita kreta. Ngorongoro ilikuwa mlima wa volkano. Miaka milioni mbili na kitu iliyopita tumbo lake lilimwaga ujiuji wa moto, likabaki tupu, na paa likaporomoka ndani. Nguvu ilitoka chini. Kwa Tycho nguvu ilitoka juu.

Watu walibishana juu ya hili kwa muda mrefu, na wasomi wengi wa karne ya 19 waliamini kreta za mwezini ni volkano. Hoja yao ilikuwa na akili: mawe ya angani huja kwa pembe tofauti, mengine yameinama sana, sasa mbona mashimo karibu yote ni duara? Jibu likaja kueleweka baadaye. Jiwe linalokuja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde halichimbi kama jembe. Likigusa ardhi, mwendo wake wote unageuka joto na mgandamizo kwa kufumba na kufumbua, na kinachochimba shimo ni mlipuko. Mlipuko husukuma pande zote sawasawa, ndiyo maana shimo linakuwa duara hata jiwe likija limelala.

Kilichofuata pale Tycho kilichukua dakika chache tu. Shimo la kwanza lilikuwa refu kwenda chini kuliko la sasa. Mwamba uliogandamizwa ukarudi juu, kama maji ya ziwa yanavyoruka katikati ukitupa jiwe zito, isipokuwa maji hurudi chini na huu ukaganda umesimama. Ndio ule mlima wa kati. Kuta nazo zikashindwa kujibeba, zikaporomoka kwa mapande na kuacha matuta kama ngazi kubwa kuzunguka ndani. Mwamba ulioyeyuka ukatiririka sakafuni na kuganda wenye mikunjo na nyufa. Mwingine ulirushwa nje, ukatua juu ya ukingo na kufanya vidimbwi vilivyoganda. Kuzunguka ukingo kuna pete yenye rangi ya giza kidogo, nayo imetokana na mwamba huo ulioyeyuka. Kwa darubini unaiona Mwezi ukiwa mpevu: doa jeupe, pete ya kijivu, kisha mistari inaanza nje ya pete.

Mistari imekaa milioni ya miaka bila kufutika?

Milioni nyingi. Mwezini hakuna upepo wala mvua. Kinachoifuta mistari ni kingine: chembe zinazotoka kwenye Jua na vijiwe vidogo sana vya angani vinavyoupiga udongo wake bila kukoma, na udongo unafanya weusi polepole. Kreta za zamani zilikuwa na mistari yao, imeshafifia. Tycho ni changa, ndiyo maana inang'aa.

Ukitazama vizuri utagundua mistari haijaenea sawa. Upande wa magharibi wa Mwezi kuna pengo. Hilo ndilo linalofanya wanasayansi waseme jiwe lilikuja kutoka upande huo likiwa limeinama: shimo limekuwa duara, lakini vifusi vimerushwa zaidi mbele na kando kuliko nyuma. Narudia kwa sababu watu huchanganya: duara la shimo halikuambii jiwe lilitoka wapi, vifusi ndivyo vinavyokuambia.

Na mistari si vumbi tu. Mapande makubwa yaliyorushwa yalitua mbali na kuchimba vishimo vyao, makundi kwa makundi.

Ina umri gani, na nani aliyejua bila kwenda?

Takriban miaka milioni 108. Na kwa kweli hakuna mtu aliyekanyaga Tycho.

Desemba 1972 wanaanga wa Apollo 17 walitua kwenye bonde la Taurus-Littrow, zaidi ya kilomita 2,200 kutoka Tycho. Pale chini ya mlima kulikuwa na maporomoko ya udongo mweupe yaliyotambaa hadi bondeni. Walichota sampuli. Maabara ikapima muda ambao udongo ule umekaa wazi ukipigwa na mionzi ya angani, na jibu likawa miaka milioni mia moja na kidogo. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba vifusi vilivyoruka kutoka Tycho viligonga mlima ule, vikateremsha udongo. Ni ushahidi wa mzunguko, siyo wa kushika Tycho yenyewe mkononi, na mtu makini anaweza kuuliza kama maporomoko yalisababishwa na kitu kingine. Lakini hesabu ya vikreta vilivyoipiga Tycho baada ya kuumbwa inakubaliana na umri wa aina hiyo.

Miaka milioni 108 kwa Mwezi ni juzi. Kwetu ni zamani: Ziwa Tanganyika, ambalo ni miongoni mwa maziwa ya kale zaidi duniani, lina kati ya miaka milioni 9 na 12. Mijusi mikubwa ya Tendaguru kule Lindi, yaani dinosaria, ndiyo iliyotangulia. Wale walikufa karibu miaka milioni 150 iliyopita, kwa hiyo Mwezi waliouona haukuwa na Tycho.

Jiwe lenyewe lilitoka wapi?

Mwaka 2007 watafiti walipendekeza kwamba lilitoka kwenye familia ya asteroidi ya Baptistina, na kwamba ndugu yake ndiye aliyeiangukia Dunia na kuwamaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Hadithi ilipendwa sana, na bado inazunguka kwenye mitandao kana kwamba ni hakika. Mwaka 2011 vipimo vya darubini ya angani WISE vilionyesha familia hiyo ni changa kuliko ilivyodhaniwa, na hoja ikapoteza nguvu. Tycho na kufa kwa dinosaria vimetenganishwa na miaka zaidi ya milioni 40. Ukikutana na video inayowaunganisha, ipite.

Ni kweli kuna jabali limekaa juu ya kilele?

Kweli. Juni 2011 chombo cha Marekani kinachozunguka Mwezi, Lunar Reconnaissance Orbiter, kilipiga picha ya mlima wa kati asubuhi ya Tycho, vivuli vikiwa virefu. Juu kileleni kuna jabali lenye upana wa mita 120, limekaa kwenye eneo lililo laini kidogo. Uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika hapa Kigoma ungelala juu yake ukabaki na nafasi. Lilifikaje pale? Mlima uliinuka kutoka chini na kila kilichokuwa juu yake kikainuka nao, lakini jabali pekee, mahali pale, linaacha nafasi ya mjadala.

Kuna chombo chochote kimetua?

Ndani ya shimo, hapana. Karibu, ndiyo: Surveyor 7 ya Marekani, isiyo na watu, ilitua Januari 1968 kama kilomita 30 kaskazini ya ukingo, katikati ya vifusi. Vyombo vilivyotangulia katika mradi huo vilipelekwa kwenye tambarare nyeusi. Hiki cha mwisho kilipelekwa makusudi kwenye nchi ya milima, kikapeleka picha zaidi ya 20,000 na kupima kemia ya udongo. Matokeo yalikuwa ya maana. Udongo wa nyanda za juu una chuma kidogo kuliko wa tambarare nyeusi, na ndiyo sababu mojawapo ya weupe wake. Mwaka mmoja na nusu baadaye ndipo binadamu walitua.

Majirani zake ni akina nani?

Tycho imeangukia mtaa wa wazee. Nchi yote ya kusini imejaa kreta zilizopigwa juu ya kreta, nyingi zina umri wa karibu miaka bilioni 4. Kusini kuna Clavius, yenye upana unaozidi kilomita 220, kubwa mno kuliko Tycho lakini imechakaa. Ndani yake kuna kreta ndogo zimejipanga kwa upinde kuanzia kubwa hadi ndogo, na watoto hupenda kuzihesabu kwenye darubini. Kusini mashariki kuna Maginus, kusini magharibi Longomontanus, kaskazini Sasserides na mbele zaidi Deslandres, ambayo imeharibika hadi mtu asiyeijua anaipita.

Clavius ina habari yake. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba darubini ya SOFIA, iliyokuwa imefungwa ndani ya ndege, imekuta molekuli za maji kwenye udongo wa Clavius, mahali panapopigwa na Jua. Usifikirie kisima. Ni maji yanayolingana na chupa ndogo katika meta moja ya ujazo ya udongo, na jangwa la Sahara lina mengi kuliko hapo. Walioniuliza kama tutahamia huko tukalime mpunga, jibu ni hilo.

Kwa nini inaitwa Tycho?

Kwa heshima ya Tycho Brahe, mnajimu wa Denmark aliyefariki mwaka 1601. Padri Mjesuiti wa Italia, Giovanni Riccioli, ndiye aliyegawa majina mengi ya mwezini mwaka 1651. Brahe alipima nafasi za sayari kwa usahihi wa ajabu kwa macho matupu, kwani alikufa kabla darubini haijaanza kutumika. Kupewa alama ambayo mtu huiona bila darubini ni mgao uliomfaa, iwe Riccioli alikusudia au la. Longomontanus, jirani yake wa mwezini, alikuwa msaidizi wake kazini.

Mtu akisimama Tycho ataiona Dunia?

Wakati wote, Dunia ikiwa haichomozi wala haizami. Mwezi hutuonyesha uso mmoja, kwa hiyo ukiwa pale Dunia inaning'inia karibu palepale, upande wa kaskazini, katikati ya upeo na utosi, ikiyumba kidogo tu. Inajizungusha, na mara moja kila siku Afrika inapita mbele yako. Ziwa Tanganyika, kwa urefu wake, lingeonekana kama uzi mweusi kama mawingu yamelipisha. Yaani mtu wa Tycho angeliona ziwa letu kwa macho matupu kwa urahisi kuliko sisi tunavyoliona shimo lake.

Wakati wa kupatwa kwa Mwezi inakuwaje?

Tulioangalia kupatwa kwa tarehe 7 Septemba 2025 tuliona Mwezi ukiwa mwekundu kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Mistari ya Tycho hufifia pamoja na Mwezi wote. Jambo la kuvutia halionekani kwa macho. Kivuli cha Dunia kikiufunika Mwezi, udongo wake hupoa haraka mno, lakini Tycho hubaki na joto, kwa kuwa imejaa mawe makubwa ambayo hayajasagwa kuwa vumbi, na jiwe hutunza joto kuliko vumbi. Hili liligunduliwa mwaka 1960 kwa vifaa vya kupima joto kutoka mbali. Ni dalili nyingine ya uchanga wake.

Mwanga wa mwezi mpevu kwenye darubini unaharibu macho?

Hauharibu. Unaumiza kidogo kama mwanga wa tochi usoni, unapita. Kinachoharibu ni Jua, na mara moja tu inatosha. Mtoto asiachiwe darubini mchana.

Huku kwetu kuna shimo la aina hii?

Tanzania haina hata moja lililothibitishwa. Tuna jiwe: Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, karibu chuma kitupu, urefu wa mita 3 hivi, uzito unaokadiriwa tani 16, lakini halina kreta kandokando yake. Lililo karibu nasi liko ng'ambo. Ni Luizi, Katanga, kwenye uwanda wa Kundelungu, kusini ya Kigoma kwa umbali unaokaribia kilomita 600 kwa mstari wa ndege. Lina upana wa kilomita 17. Watu waliishi kando yake bila habari, wanajiolojia waliliona kwenye ramani kama duara la kutia shaka, na mwaka 2011 ndipo lilipothibitishwa, baada ya kukutwa mawe yenye michirizi ya umbo la pia na chembe za kwatzi zilizovunjwa kwa mgandamizo ambao volkano haiwezi kuutoa.

Sababu ya sisi kuwa na machache na Mwezi kuwa na maelfu si kwamba mawe hutukwepa. Dunia ni kubwa na huvuta mengi zaidi. Ila mvua, mito, misitu na ardhi inayojikunja vimefuta kazi yao. Tycho ingeangukia hapa siku ileile, leo tungekuwa tunabishana kama ipo.

Nawezaje kuipiga picha kwa simu?

Simu ikiachwa iamue yenyewe hutoa mpira mweupe usio na kitu. Gusa Mwezi kwenye kioo, shikilia, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka madoa yatokee. Ukiwa na darubini, weka kamera ya simu kwenye lenzi ya kutazamia, egemeza mkono kwenye kitu, na piga nyingi ili uchague. Jihadhari na simu zinazojiongezea undani wa Mwezi zenyewe: picha inatoka nzuri kupita kiasi, na Tycho unayoiona siyo uliyoipiga. Zima hiyo kwenye mipangilio kwanza.